Spika za honi za zamani bado zinadunda

Mhariri, naomba nafasi niwajibu wanaosema spika kubwa za zamani ni za kujaza sebule tu. Juzijuzi nimepata jozi ya Klipschorn, spika za honi (yaani sauti inatokea kwenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta), na tangu ziingie ndani tivii imepumzika kabisa.

Hizi alizibuni Paul W. Klipsch wa Marekani, zimetoka mwaka 1946, na ujanja wake uko konani, yaani kuta mbili za chumba ndo zinamalizia ile honi ya besi iliyokunjwa ndani ya boksi, sasa mtu anaziweka katikati ya ukuta au anaacha mwanya nyuma, besi inakonda halafu analaumu spika. Zibaneni konani jamani! Waya nao muwe makini, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na kama kapasita za krosova (ile saketi ya ndani ya spika inayogawa besi na sauti nyembamba) zimezeeka zibadilishwe.

Amplifaya wala isiwaumize kichwa. Honi inatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo sana, wati chache tu za amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kizamani) zinatosha nyumba nzima (majirani pia, samahani zao). Ila amplifaya yenye mvumo itakuumbua maana kila kelele ndogo inasikika.

Muziki sasa, tarumbeta na ngoma ndo utamu wenyewe, fimbo ikigusa ngozi unaisikia. Rekodi mbovu ndo hazifai, honi haifichi kitu.

Kila wiki mnaandika simu mpya, hebu na sisi wa spika za zamani mtupe hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu