Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Makocha wa Vijana

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini. Mimi nabaki na mambo ya uwanjani. Mwaka huu Kamati ya Ufundi iliamua tujifunze ukabaji kupitia mchezaji mmoja, César Azpilicueta, Mhispania aliyeanzia Osasuna mwaka 2007. Wapo waliomtaka beki Mhispania mwenzake, Sergio Ramos. Sawa, lakini vichwa na mabao ya Ramos ni vigumu kumfundisha kijana. Ya Azpilicueta yanafundishika.

Alihamia Marseille 2010, na miezi michache baadaye akachanika kano ya goti. Hata hivyo Chelsea walimsajili Agosti 2012, akawachezea mechi 508. Alikuja kama beki wa kulia, lakini msimu wa 2013/14 kocha José Mourinho alimpeleka kushoto, na beki wa kushoto Ashley Cole akaanza kukaa benchi.

Beki wa mguu wa kulia anapocheza kushoto, winga (mshambuliaji wa pembeni) anayekata kuingia ndani hukutana na mguu wake wenye nguvu. Kasoro hujitokeza timu ikiwa na mpira. Akipokea pasi ya beki wa kati kwa mguu wa kulia, mwili hubaki umemwelekea aliyempa, na mshambuliaji anayembana humfungia kwenye mstari wa pembeni. Dawa yake ni kupokea kwa mguu wa mbali, yaani wa kushoto, mgongo ukiwa upande wa mstari, ili auone uwanja mzima. Tulilizoesha hili pamoja na ukabaji wa mmoja kwa mmoja: kimbia kwa kasi mpira ukiwa bado njiani, punguza hatua ukibakisha kama mita 2, simama kiubavu, piga magoti kidogo. Vijana wengi hukosea kwa kusimama miguu sambamba. Winga akibadili upande, wanalazimika kugeuka mwili mzima na tayari wameachwa.

Msimu wa 2016/17 kocha Antonio Conte alimtumia kulia katika mabeki watatu wa kati. Alicheza kila dakika ya mechi 38 za ligi, na Chelsea wakatwaa ubingwa. Msimu uliofuata, krosi zake za mapema kutoka nyuma zilimpa mshambuliaji Álvaro Morata mabao ya kichwa. Zilifanya kazi kwa sababu mabeki wa wapinzani walikuwa bado wanarudi nyuma, nyuso zikielekea lango lao. Kwa maoni yangu mfumo huo wa mabeki watatu pia ulimrefushia maisha: kasi ilipopungua, hakuachwa peke yake na winga kwenye nafasi kubwa. Mei 2021 alikuwa nahodha Chelsea walipoifunga Manchester City 1-0 mjini Porto na kubeba Ligi ya Mabingwa. Alikwenda Atlético Madrid 2023, kisha Sevilla 2025.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia msimu ujao kila beki wa pembeni aliye chini ya miaka 15 afanyishwe mazoezi pande zote mbili. Pendekezo hili litapigiwa kura baada ya taarifa ya Mhazini.