Wasichana wetu wa fizikia ujasiri wanao, shida ni wanachokikuta chuoni

Mhariri, naomba nafasi kwenye safu yako ya barua.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na kila ikifika Februari 11 ile siku ya wanawake na wasichana kwenye sayansi, tunasoma wito uleule, wasichana wasiogope fizikia, wajiamini, wathubutu. Mi ni mwalimu wa fizikia hapa Kigoma na hao wasichana ndo ninaowafundisha, kwa hiyo nasema kwa moyo mweupe kabisa, ujasiri wanao. Mtoto katoka kijijini, kasoma shule ya kata, somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza ambacho alianza kukutana nacho sawasawa kidato cha kwanza, wenzake karibu wote wameiacha fizikia kidato cha tatu maana sio lazima, yeye kabaki nayo, kafaulu, kachagua PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kafaulu tena. Huyo unamwambia ajiamini ili iweje? Shida iko huko anakokwenda, kwenye idara za fizikia za vyuo vikuu vyetu, na huko ndo nataka barua hii ifike.

Serikali kwa upande wa kumfikisha mlangoni imejitahidi, lazima niseme. Zimejengwa shule za wasichana za sayansi mikoani, tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi kwenye masomo ya sayansi, na toka Novemba 2021 binti aliyepata mtoto anaruhusiwa kurudi darasani. Sasa tuangalie akishaingia ndani anakuta nini.

Nianze na maabara maana naijua. Mwaka wa kwanza mnagawanywa makundi ya watu wanne watano kwa sababu vifaa havitoshi, kundi linapewa osiloskopu moja, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, waya, rizista za kupunguza umeme na jedwali la kujaza. Kabla hata mhadhiri hajamaliza kuelekeza, wavulana wawili wameshashika vifaa, mmoja anazungusha vitufe mwingine anachomeka waya, na yule dada mmoja aliyeko kwenye kundi anapewa karatasi, "wewe mwandiko wako mzuri, andika data." Wanasema kwa upendo kabisa, hakuna ugomvi wowote. Wiki ijayo hivohivo, na ijayo tena hivohivo, muhula unaisha, ripoti ya kundi imepata alama nzuri na kwenye makaratasi wote wamefaulu sawa, ila mkalishe yule dada peke yake mbele ya osiloskopu umwambie alitulize wimbi kwenye kioo, hajui aanze na kitufe gani. Alaf mwaka wa tatu inakuja miradi ya utafiti, msimamizi anatafuta mtu wa kufanya naye kazi maabara, atamchukua nani? Atamchukua aliyezoea kushika. Hapo ndo tunaambiwa wasichana hawapendi maabara wanapenda nadharia. Mwenye mwandiko mzuri kwenye kundi letu nilikuwa mimi, na vifaa vingi nimejifunza kuvitumia nikiwa tayari nina digrii, nahangaika navyo peke yangu jioni wanafunzi wakishaenda bwenini.

Na hili kulirekebisha halihitaji mfadhili wala bajeti mpya. Mhadhiri aseme tu siku ya kwanza kwamba kila zoezi watu wanabadilishana, aliyeandika leo wiki ijayo anashika vifaa, na mwisho wa muhula kila mtu apimwe peke yake kwenye kifaa hata dakika kumi.

Jambo jingine liko nje ya darasa na naona wakubwa wa vyuo hawalioni kabisa. Aliyesoma chuo anajua fizikia hausomi kwenye lekcha, unaisoma kwenye diskasheni. Madesa, yaani notisi za somo, mitihani ya miaka ya nyuma, njia za mkato za maswali ya kwantamu, vyote vinapita kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje, kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, au kwenye vyumba vya hosteli za wavulana. Msichana aliyepanga mtaani kwa sababu hosteli zimejaa atarudije saa nane za usiku? Mwenye mtoto je? Mwenye ulemavu wa miguu ambaye kile kimbweta kiko chini ya ngazi ishirini? Hao hawafukuzwi na mtu, ila somo linafundishwa wakati wao hawapo, alaf sapu, mitihani ya kurudia, wanazipata wao. Idara ikifungua chumba kimoja chenye taa na ubao, saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, ikamweka mwanafunzi wa uzamili hapo wa kusaidia, na mapepa ya zamani yakawekwa wazi kwa kila mtu, ingekuwa imefanya kazi kubwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, kichwa kweli kweli, alipata nafasi kusoma fizikia, mwaka wa pili akanipigia simu. "Shikamoo madam. Madam, mi nahama kozi." Nikamuuliza mwanangu una sapu ngapi, akasema hata moja sina. Sasa nini? "Madam tulianza wasichana watatu, mmoja kadisko, katolewa chuo kwa kufeli, mwingine kahama. Nikikaa hakuna anayekaa karibu na mimi, nikiuliza swali wanaguna nyuma, na mwalimu anaendelea." Kwenye rekodi za chuo huyu kaandikwa kahamia kozi nyingine, basi, hakuna aliyemuuliza sababu. Nilijaribu kumshawishi abaki ila nilijisikia vibaya maana nilikuwa namwomba avumilie kitu ambacho wengine hawaombwi kukivumilia.

Ndo maana nilifurahi niliposoma kilichofanyika Marekani. Taasisi ya Fizikia ya kule ilitoa ripoti Januari 2020 ikichunguza kwa nini Wamarekani weusi wanaomaliza digrii ya fizikia wamebaki wachache mno wakati kwenye masomo mengine wanaongezeka. Hawakukuta kwamba watoto hawana akili wala hamu. Walikuta ni mambo matano, mwanafunzi kujiona na yeye ni wa pale, kutambuliwa kama mwanafizikia, kusaidiwa kwenye masomo, kusaidiwa kwenye maisha hasa pesa, na uongozi wa idara kulibeba jambo hili kama kazi yake. Wakasema idara zikibadilika idadi inaweza kufika mara mbili au zaidi ifikapo 2030. Hayo matano ukiyasoma ukiwa Kigoma unaona kama yameandikwa kwa ajili ya yule binti aliyenipigia simu.

Na sisi tunaye mfano wetu mkubwa, Erasto Mpemba. Wengi wanaijua hadithi ya aiskrimu, mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba aliona maziwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Wanasayansi mpaka leo wanabishana juu ya jambo lenyewe na hilo sio neno. Mimi namwangalia mtu mwingine kwenye hadithi hiyo, Dk Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, ambaye alisafiri kwenda shule ya Mkwawa Iringa kuongea na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza swali lake, wenzake wakacheka, Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akamwambia fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969 andiko likatoka kwenye jarida la Uingereza la elimu ya fizikia likiwa na majina mawili, Mpemba na Osborne. Mhadhiri kamfuata mwanafunzi aliko, kasikiliza swali lililochekwa, kalipima, alaf kaweka jina la kijana pamoja na lake. Wahadhiri wetu wangapi leo wanafanya hata moja kati ya hayo manne?

Sisemi ni Tanzania tu. Tuzo ya Nobel ya fizikia inatolewa tangu 1901, wamepewa watu zaidi ya 200, wanawake ni watano, Marie Curie 1903, Maria Goeppert Mayer 1963, alaf kimya miaka 55 mpaka Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020 na Anne L'Huillier 2023. Jocelyn Bell Burnell aligundua ishara za palsa, nyota zinazotoa mawimbi ya redio kwa mapigo, mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, Nobel ya 1974 akapewa msimamizi wake na mwanasayansi mwingine. Mama huyu mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, zote akazitoa kusomesha wanafunzi wa fizikia wa makundi yanayoachwa nyuma, wakiwemo wakimbizi. Sisi wenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hapa Kasulu tangu 1996 tungelisikia hilo vizuri zaidi, Einstein mwenyewe alikuwa mkimbizi, hakurudi tena kwao Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka.

Na kuna hili la sisi wa mwisho wa reli. Kijana wa Kigoma anayetaka digrii ya fizikia kwenda Dar anavuka zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa hana shangazi wa kumkimbilia, na akifungua mdomo lafudhi ya Kiha inamponza, anaitwa Mrundi. Niliitwa hivo mpaka nikaacha kuuliza maswali darasani. Utani, wanasema, ila mtu asiyeuliza maswali hawezi kuwa mwanafizikia. Mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan alirudi kwao kufundisha mwaka 1951, akajikuta peke yake kisayansi, akalazimika kuondoka, na ndo maana 1964 akaanzisha kile kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste Italia ili watu wa nchi kama zetu wapate pa kukutana bila kuhama kwao moja kwa moja. Tawi lake la Afrika Mashariki lipo Kigali tangu 2018, na Kigali ni karibu na sisi kuliko Dar. Wanafunzi wetu hawaambiwi.

Tena watoto wa huku wana vitu vya kuleta. Mtoto wa mvuvi wa Kibirizi amekua anaona taa zikiwashwa usiku wa giza kuvuta dagaa na kazi ikisimama mwezi ukijaa. Mpe mradi apime mwanga wa taa hizi mpya za sola unafika kina gani kwenye maji ya Ziwa Tanganyika ukilinganisha na karabai, au joto la maji linavyobadilika upepo wa kusi ukivuma, uone kama atakaa nyuma ya kundi kuandika data.

Wenye ualbino nao nisiwasahau, Kasulu tunao wengi pale Kabanga. Wengi wao wanaona kwa shida, na fizikia ya chuo ni ubao uliojaa milinganyo kutoka ukuta huu mpaka ule. Kuchapa madesa kwa herufi kubwa na kuyatoa kabla ya kipindi sio msaada wa huruma, ni kufundisha. Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico haoni kabisa na ni mwanaastronomia, data za nyota anazigeuza kuwa sauti anazisikiliza.

Rushwa ya ngono naitaja kwa kifupi kwa sababu sheria ipo, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, ila darasa lenye wasichana watatu binti anaogopa kushtaki maana kila mtu atajua ni nani. Malalamiko yapelekwe nje ya idara.

Ninachoomba idara za fizikia zitangaze kila mwaka wameingia wangapi, wamehama wangapi, wamedisko wangapi, wamemaliza wangapi, kwa jinsia, kwa ulemavu na kwa mkoa waliotoka, na anayehama aulizwe sababu na iandikwe. Na wahadhiri waje huku, waje na wanafunzi wao wa kike wa mwaka wa tatu na vifaa vyao. Kidato cha tano wanaripoti Julai, mkija Agosti mtawakuta wametulia, chakula na pa kulala tutapanga sisi walimu.

Mwalimu wa fizikia,
Kigoma Ujiji