Barua kwa Mwanaidi: nani anawabana wanaogawa fedha za utafiti?

Madison, Wisconsin

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, pamoja na pole za kazi. Barua yako niliipata, pamoja na habari za rasimu unayoiandika ya kanuni za shirika la kugawa fedha za utafiti, na swali lako nimekaa nalo siku kadhaa: shirika la serikali linalogawa fedha za utafiti linabanwa na nani? Kwa kuwa kazi yangu hapa chuoni ni kukagua matumizi ya ruzuku, nitakujibu kwa mfano wa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, ambalo kanuni zake ninashinda nazo mezani.

Shirika hili lilizaliwa kwa mvutano. Mwaka 1945 Vannevar Bush, mhandisi aliyeongoza utafiti wa kijeshi wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alimkabidhi Rais Truman ripoti iliyopendekeza serikali igharimie utafiti wa msingi hata wakati wa amani. Lakini muswada ulipomfikia mwaka 1947, Truman aliukataa, kwa kuwa mamlaka ya kumteua mkurugenzi yaliachwa mikononi mwa wajumbe wenyewe wa shirika, na yeye aliona kwamba fedha za umma zingeshikwa na watu wasiowajibika kwa wananchi. Wanasayansi wengi hawakufurahi, ila mimi naona alikuwa na haki. Sheria aliyoitia saini tarehe 10 Mei 1950 ilimpa Rais uteuzi wa mkurugenzi kwa ridhaa ya Seneti, kwa kipindi cha miaka sita, na kando yake ikaweka Bodi ya wajumbe 24 ambao theluthi yao humaliza muda kila baada ya miaka miwili, ili isibadilike yote kwa mkupuo.

Kifungu kinachonivutia zaidi ni kile kinacholikataza shirika kuendesha maabara lenyewe. Kazi yake ni kuwapa fedha wengine, na kwa hiyo nguvu yake karibu yote imo katika masharti ya ruzuku, ambayo ndiyo yananifikia mimi. Juzi nililetewa stakabadhi ya chakula cha jioni: samaki, saladi na glasi mbili za mvinyo. Samaki niliwapitisha, mvinyo nikaukata, maana vileo havilipwi kwa ruzuku ya serikali kuu. Profesa aliguna, akatoa pochi yake. Mwingine alitaka kuja huko Dar es Salaam kwa ndege ya bei nafuu, ikanibidi nimweleze kwamba sheria inamtaka apande ndege ya shirika la Kimarekani, au atumie tiketi iliyokatwa kwa jina la shirika hilo, isipokuwa pawe na sababu inayokubalika.

Kuhusu udanganyifu, kanuni zinataja makosa matatu: kubuni data, kuzichakachua, na kuiba kazi ya mwingine. Hapohapo zinasema kwamba kosa la bahati mbaya na tofauti ya maoni havihesabiwi, na anayetuhumiwa hatiwi hatiani mpaka ithibitike kuwa alikusudia, alijua, au hakujali kabisa. Sentensi hiyo usiiache nje ya rasimu yako, Mwanaidi. Bila hiyo, kila mtafiti aliyekosea hesabu atakuwa mtuhumiwa.

Nitumie rasimu ukiikamilisha, na kifungu cha uteuzi wa mkurugenzi uniwekee alama, nianze nacho.

Nduguyo,
Salum