Mama kijacho asiandikwe shahidi kwenye nyumba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa mitaa na vijiji vya Mbeya, pamoja na vijana wenzangu walio kwenye ndoa changa, kuhusu jambo linalofanyika kila siku kwenye ofisi zetu za mitaa na ambalo tumelizoea kiasi cha kutoliona tena. Wenza wanaotarajia mtoto wa kwanza wanaponunua kiwanja au pagala, jina linaloandikwa kwenye nafasi ya mnunuzi ni la mwanamume peke yake, na mke, hata kama nusu ya fedha imetoka kwenye kikoba chake, huandikwa chini kabisa ya karatasi, kwenye nafasi ya shahidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ni fundi seremala, na mimba yangu imeingia mwezi wa saba. Mwaka huu tumenunua pagala upande wa Uyole, vyumba vitatu vya tofali za kuchoma ambavyo kuta zake zimefika usawa wa linta na bado havijaezekwa. Fedha ilitoka pande zote mbili: yeye alitoa malipo ya kazi zake za milango na vitanda, nami nilitoa hisa zangu za kikoba na fedha ya viazi tulivyolima na mama yangu kule Umalila. Siku ya kuandikishiana ilitolewa fomu iliyokwisha kuchapwa, yenye mstari mmoja wa nukta kwa jina la muuzaji, mstari mmoja kwa jina la mnunuzi, na chini yake nafasi za mashahidi wa kila upande. Mume wangu aliposema kwamba wanunuzi ni wawili, mzee mmoja aliyekuwa pale alimjibu kwa upole kabisa, "Kijana wangu, mkeo ataweka sahihi hapa kwenye shahidi, inatosha; shahidi naye ni mtu mkubwa." Mume wangu akasema, "Mzee, shikamoo zangu zote kwako, lakini hapa tunanunua wawili." Baada ya mazungumzo marefu jina langu liliandikwa juu ya zile nukta, kwa herufi ndogo zilizobanwa kando ya jina lake, na picha zetu zote mbili zikabandikwa.

Yule mzee hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu madhara makubwa ya karatasi hizi yanatoka kwenye mazoea ya watu wema. Shahidi ni mtu aliyeona mali ikiuzwa kwa mwingine. Siku mgogoro ukifika kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mke aliyeweka sahihi kama shahidi atakuwa amethibitisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba mnunuzi ni mumewe, na atalazimika kuanza kutafuta ushahidi wa kuupinga mkataba ambao yeye ndiye aliyeushuhudia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mwenza mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo; na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa kwa sawa, hapo napo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo tofauti kati ya mke mwenye jina na mke asiye na jina ni tofauti ya nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Ni kweli kwamba kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinamzuia mume kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, na kwamba kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili ndoa inapovunjika. Lakini haki hizo hudaiwa mahakamani, kwa nauli, kwa mashahidi na kwa miezi ya kwenda na kurudi, na mwenye kudai mara nyingi ana mtoto mchanga mgongoni.

Hali ni ngumu zaidi mume anapofariki. Kanuni za mila zilizoandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinasema kwamba mjane hana sehemu ya urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba tegemeo la mjane ni kutunzwa na watoto wake. Naomba msomaji aifikirie kanuni hiyo kwa mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Mtoto wa kumtunza bado yuko tumboni, na nyumba iliyojengwa kwa hisa zake za kikoba inajadiliwa na shemeji zake kwenye kikao cha ukoo. Katiba yetu, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Hata hivyo mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi kuhusu wajane wawili wa Kitanzania waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao, ikaitaka nchi yetu ifute au irekebishe mila za namna hiyo. Vikao vya ukoo vya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini havisubiri maamuzi ya kamati hiyo ya Geneva. Vinachouliza kwanza ni karatasi iko wapi na imeandikwa jina la nani.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wachache wanaelezwa, nalo ni la thamani kubwa. Kwa ardhi yenye hati, Sheria ya Ardhi inatambua namna mbili za watu wawili kumiliki. Katika namna ya kwanza wanamiliki kwa pamoja pasipo mafungu, na mmoja akifariki haki yake inahamia moja kwa moja kwa aliyebaki. Katika namna ya pili kila mmoja ana fungu lake, na akifariki fungu hilo linaingia kwenye mirathi yake. Mume na mke wanaomngojea mtoto wanapaswa kuulizwa wanataka namna ipi, wala wasiachiwe kuigundua siku ya msiba. Sisi bado hatuna hati, eneo letu liko kwenye hatua za urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi, lakini tumekubaliana kwamba ombi la hati litakwenda kwa namna ya kwanza, na mkataba wenye majina mawili ndio utakaokuwa mzizi wa ombi hilo.

Vijana wengi wanaotarajia mtoto, tuseme ukweli, hawajafunga ndoa. Mahari haijakamilika, wazazi wa upande mmoja bado wanazungumza, na mimba imetangulia. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawachukulia watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na kutambulika hivyo kwa majirani, kuwa ni mke na mume, lakini dhana hiyo nayo inaweza kupingwa, na aliyekaa na mwenzake mwaka mmoja tu haimfikii. Kwa dada wa namna hii jina kwenye mkataba ni kinga kubwa kuliko kwa mimi mwenye cheti cha ndoa, na cha kusikitisha ni kwamba yeye ndiye anayeona aibu zaidi kulidai.

Haraka ndiyo inayofanya haya yote yapite bila kuulizwa. Mwenye nyumba ya kupanga anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, chumba ni kimoja, mtoto anakuja, na huku kwetu mtoto anayezaliwa Juni anapokelewa na baridi ya kukata mifupa. Mwajiriwa anahesabu siku zake 84 za likizo ya uzazi na kuona kwamba mambo yote lazima yaishe kabla hazijaanza. Dalali anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. "Dada, mtoto asizaliwe kwenye nyumba ya kupanga," mmoja aliniambia akiwa anaangalia tumbo langu, na palepale akataka malipo ya kushikilia kiwanja kabla hatujamwona hata mwenye mali. Kwa haraka hiyo watu wananunua chini ya milima wakati wote tunakumbuka Aprili 2024, tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetele na kufunika nyumba kule Itezi. Wengine wananunua ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Ikiwa hata mlima hatuuoni kwa haraka, nani atakumbuka kuuliza jina la mke linaandikwa wapi?

Nawasihi wenzangu wapunguze mwendo kidogo. Kama kiwanja kimepimwa, muuzaji atoe namba ya kiwanja na kitalu, mnunuzi aone bikoni, yaani alama za mipaka, kwa macho yake, kisha aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ajue mmiliki aliyeandikishwa ni nani, maana tangu mwaka 2020 ofisi za ardhi zimesogezwa hadi mikoani na hakuna haja ya kutegemea maneno ya dalali. Kama hakijapimwa, waulizwe majirani wa pande zote nne, tena waulizwe siku ambayo muuzaji hayupo. Kama ni ardhi ya kijiji, kama ilivyo sehemu nyingi za pembezoni, halmashauri ya kijiji ndiyo ya kuanzia. Muhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba watu walikutana na kukubaliana. Haugeuki kuwa hati miliki, hata ukigongwa mara ngapi.

Na mke wa muuzaji je? Hapa nataka wanunuzi, hasa wanawake, tujitazame kwa makini. Siku tulipokwenda kuliona lile pagala, mke wa muuzaji alikuwa pale pembeni akipukuchua mahindi, na hakuna aliyemwambia neno. Mimi ndiye niliyemwuliza, "Dada, na wewe umekubali nyumba hii iuzwe?" Akanyamaza, akamtazama mumewe, kisha akasema kwamba hakuwa ameelezwa bei. Tuliahirisha mpaka wazungumze wenyewe, na baada ya wiki alikuja ofisini akaweka sahihi ya ridhaa pamoja na dole gumba. Mama kijacho anayetaka jina lake liandikwe, kisha akanunua nyumba ya mama mwingine bila ridhaa yake, anajitafutia kesi na pia anamdhulumu mwenzake.

Nimesikia hoja kwamba majina mawili yanaleta jeuri ndani ya nyumba, na kwamba mwanamke ana kwao. Naiheshimu hofu ya wazee wanaoisema, lakini siikubali. Mwanamke aliyechangia bati na tofali kwao ni hapo zilipo. Na kinga hii haichagui jinsia, maana ninawafahamu pia wanaume waliotuma fedha kutoka machimbo ya Chunya na kukuta kiwanja kimeandikwa jina la kaka wa mke. Majina mawili yangewalinda na wao.

Kwenye kliniki za wajawazito tunahimizwa kwenda na wenza wetu tangu hudhurio la kwanza, tunapimwa wote, tunaelezwa wote dalili za hatari na tunapanga wote akiba na usafiri wa siku ya kujifungua. Zamani baba akionekana kwenye benchi la kliniki watu waligeuka kumtazama, na leo ni jambo la kawaida, kwa sababu wauguzi walilishikilia bila kuchoka. Ofisi ya mtaa inaweza kufanya vivyo hivyo. Mtu anapofika kuandikisha ununuzi, mtendaji aulize kama ana mwenza, kama mwenza amechangia, na kama anajua kinachoandikwa. Muuzaji naye aulizwe mwenza wake yuko wapi. Maswali hayo hayahitaji bajeti.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya na halmashauri nyingine za mkoa ni kwamba watoe fomu moja ya mauziano kwa mitaa na vijiji vyote, yenye mistari miwili ya majina ya wanunuzi, nafasi ya picha mbili, na sehemu ya ridhaa ya mwenza wa muuzaji. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapewe nafasi ya kuzungumza na wajawazito siku za kliniki, japo kwa nusu saa, wakati mama na baba wamekaa pamoja na bado hawajamlipa dalali. Fomu zinazotumika sasa huchapwa kwenye steshenari za mitaani, kwa hiyo mtaa usiotaka kungoja agizo la halmashauri unaweza kuongeza mstari wa pili leo hii, hata kwa kalamu na rula.

Mwalimu na mama kijacho,
Uyole, Mbeya.