Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2022

Ndugu wanachama, salaam.

Mambo ya fedha na madarasa ya watoto mtayasikia kwa mweka hazina na katibu. Mimi nitasema juu ya Tume ya Uchunguzi wa Korona ya Uingereza, iliyoundwa kuchunguza jinsi nchi ilivyokabili ugonjwa huo, kwani ndiyo iliyokula mwaka wetu.

Mei 2020 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa hesabu ya England na Wales: ukilinganisha watu wa umri mmoja, hatari ya mwanamume mweusi kufa kwa Korona ilikuwa mara 4.2 ya mwanamume mweupe. Wakaondoa athari ya umaskini, hali ya makazi na maradhi ya awali. Ikabaki mara 1.9. Hiyo 1.9 nimekwenda nayo kila kikao. Ndiyo tunayotaka Tume iieleze.

Rasimu ya hadidu za rejea, yaani mambo ambayo Tume itayachunguza, ilitoka Machi 2022. Tuliisoma mstari kwa mstari. Ubaguzi wa rangi haukutajwa. Maoni yalikuwa yafungwe 7 Aprili na Ramadhani ilishaingia, basi fomu tulizijaza usiku baada ya futari. Usiku mmoja mama mmoja wetu alifungua ncha ya leso akatoa kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni. Kilimsomea marehemu mumewe 95, kana kwamba oksijeni inatosha, na kwenye simu wakaambiwa wangoje nyumbani. Kifaa hiki husoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na ngozi ikiwa nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo mwilini. Mama alieleza kwa Kiswahili, vijana wakaandika, ndipo tukatafsiri.

Tume ilipokea maoni zaidi ya 20,000. Mei mwenyekiti wake, Baroness Heather Hallett, alimwandikia Waziri Mkuu kwamba suala la kutokuwepo usawa litangulizwe, na hadidu za mwisho za Juni zikalibeba. Nawashukuru nyote, hususan vijana. Ila hata humo limeandikwa neno “tofauti”, na ubaguzi bado haukutajwa. Tofauti yaweza kutokea yenyewe. Ubaguzi una watu na taratibu nyuma yake. Hapo sikubali tulegeze.

Fomu nyingi hazikurudi. Wapo wenye karatasi za ukaazi zisizokamilika, wanaogopa majina yao kuonekana. Siwalaumu. Hofu hiyohiyo iliwazuia wengine kumpigia daktari mapema, na hilo nalo ni ushahidi, Tume ilisikie. Yeyote anayetaka kusimulia bila kutajwa jina aje kwangu au kwa katibu.

Scotland ina tume yake. Wenzetu wa Glasgow wanaifuatilia.

Kusikiliza mashahidi hadharani kutaanza 2023. Yule mama yuko tayari kusema akiitwa, na kidude chake bado anakitunza. Anaomba mkalimani wa kike na mtu wa kumsindikiza. Tuwapate leo, kabla hatujatawanyika.