MGB inachemsha? Tuambie kwanza inachemshia wapi

Wateja wengi wenye MGB na magari mengine ya michezo ya miaka ya 1960 na 1970 hufika kwenye gereji yetu ya Kampala wakiwa wameshabadilisha rejeta, na gari bado linachemsha. Kabla hujanunua kifaa chochote, angalia linachemsha wakati gani.

Likichemsha kwenye jamu ya Jinja Road na kupoa ukiingia barabara ya kasi ya Entebbe, kinachokosekana ni upepo: mkanda wa feni umelegea, feni ya umeme haizunguki, au mapezi ya rejeta yamejaa vumbi na wadudu. Likitulia mjini na kupanda joto kwenye mwendo wa kasi, maji ndiyo hayapiti. Tunapima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha infraredi. Sehemu iliyo baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Tunabonyeza pia hozi ya chini. Ikiwa imelainika, pampu huifyonza injini ikifika mizunguko 3,000 hivi, ikabonyea na kukata maji. Ukizima injini, hozi inarudia umbo lake, ndiyo maana fundi haoni kitu.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa mno, na hapa kwetu kina uzito zaidi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) ya kawaida ya MGB hufunguka kwenye nyuzi 82. Springi ya kifuniko ikichoka, umebakiwa na nyuzi 14 tu kabla ya maji kuchemka. Kifuniko kizima cha psi 7 (psi ni kipimo cha shinikizo), kama cha MGB za mwanzo, husogeza mchemko hadi nyuzi 108 hivi. Za baadaye zilipewa cha psi 10. Usiruke hadi 15 kwa kudhani kikubwa ni bora: rejeta na hozi kuukuu zinaweza kupasuka.

Thamostati wengi huing'oa na kuitupa. Hatulipendi hilo, maana injini hukawia kupata moto, silinda zikalika, na ugonjwa wenyewe ukabaki. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi.

Joto likipanda dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, tazama maji: mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayovuja. Lakini sindano ya joto na ya petroli zikipanda pamoja, huenda injini haina kosa. Magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo hulisha geji hizo kwa stabilaiza moja (kifaa cha kutuliza umeme) ya volti 10, nayo huharibika.

Vyote vikiwa salama, tunapima taimingi (wakati plagi inapowasha moto) kwa taa maalumu, kwa sababu moto wa plagi ukichelewa joto huishia kwenye hedi na eksozi. Kisha tunafungua bomba la kutolea maji ubavuni mwa bloku. Lisipotoa kitu, kuna tope la kutu ndani, na hilo linachokonolewa kwa waya kabla ya kusukuma maji kinyumenyume.

Ukituletea gari, lizime mapema lipoe kabisa, na usiongeze maji njiani isipokuwa umelazimika: kiasi kilichopungua ni sehemu ya uchunguzi.