Mipira ya baiskeli ya milimita 23 haifai kwa barabara zetu

Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba nafasi niwaambie vijana wanaonunua baiskeli za mashindano za mitumba: kabla ya kulipa, someni namba ya ubavuni mwa mpira. Wangu ulikuwa 700x23, yaani upana wa milimita 23, na mimi nina kilo 78. Baina ya Chake Chake na Wete nilipata pancha tatu mwezi mmoja. Kila mara tyubu ilikuwa na matundu mawili pacha, kwa kubanwa kati ya rimu na jiwe.

Aliyeniuzia alisema mwembamba ndio wenye mbio. Si kweli kwa lami yenye mashimo na kokoto! Mpira mwembamba uliojazwa upepo mgumu hurukaruka, na kila mruko unakula nguvu za miguu. Hata waendesha baiskeli wa Tour de France, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, siku hizi wengi wao hutumia 28 na zaidi.

Nimetia 28, upepo paundi 75 badala ya 110, na mikono haishikwi ganzi tena. Nilitamani 32, lakini ungegusa breki. Pimeni kwanza nafasi baina ya mpira na breki, ibaki angalau milimita 4 kila upande.

Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba